Mashine ya Marehemu Baba na Aibu Yake

Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alivusha watu na mizigo kwa boti kati ya Lindi mjini na Kitunda, ng'ambo ya ghuba, hadi nguvu zilipomwishia. Alipoiacha bahari alirejea Nachingwea kwenye mikorosho ya wazee wake. Boti aliiuza, mashine yake, Yamaha ya nguvu ya farasi 15 iliyokwisha kuzeeka, alipanda nayo basi. Ikakaa stoo miaka mingi imefunikwa gunia, mahali pasipo na bahari wala ziwa. Alipofariki, ikaingia katika mirathi pamoja na nyumba, mikorosho na baiskeli.

Warithi tulikuwa wanne: mama, sisi ndugu wawili wa kiume, na dada yetu. Mashine haigawanyiki kama gunia la ufuta. Ilibidi iuzwe ili mama apate thumni yake, nasi tupate mafungu yetu. Akapatikana mvuvi wa Lindi, akaahidi kuja kuitazama Ijumaa baada ya swala. Tulibakiwa na siku sita.

Mashine ya boti hupozwa kwa maji inayoyavuta yenyewe, kwa hiyo haiwashwi pakavu. Mpira wa pampu yake huharibika upesi. Tuliifunga kwenye ubao mnene kando ya pipa, tukajaza maji hadi yakaifunika rafadha na kupanda juu yake. Tukachanganya petroli mpya na oili, tukabonyeza mpira wa mafuta, tukavuta kamba. Ikanguruma, na watoto wa majirani waliojaa uani wakashangilia.

Furaha ile ilidumu dakika chache. Tulipoipunguza mwendo ilitoa moshi mzito, ikakohoa, ikazima. Tulipovuta tena kamba haikujibu. Plagi zote mbili zilikuwa nyeusi na zimelowa. Petroli ilidondoka kutoka kwenye kabureta, na juu ya maji ya pipa ukatanda utando wa rangi rangi. Tulidhani tumesahau choki, kumbe choki ilikuwa imerudishwa. Baada ya kukausha plagi na kujaribu mara kadhaa tuliigundua tabia yake: ikikimbizwa, huyateketeza mafuta yaliyozidi na aibu haionekani, ikiachwa taratibu, mafuta huizidi na kuizima.

Hapo ndipo shetani alipopata pa kukaa. Mmoja wetu alisema kwamba mnunuzi akija tuiwashe ikiwa baridi, tuikimbize kidogo, kisha tuizime wenyewe kabla haijajizima. Mwingine alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kukubali. Dada yetu, aliyekuwa akipepeta mchele barazani, aliweka ungo chini.

"Kaka zangu," alisema, "mmemsahau yule muuza chakula ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika rundo lake akakuta limelowa ndani? Rundo letu sisi limelowa petroli. Na atakayetajwa huko Lindi si ninyi, ni baba."

Hatukuwa na jibu.

Kesho yake tuliifungua kabureta, tukaifunga katika kanga kuukuu ya mama na kuipeleka Ruangwa kwa kijana fundi wa pikipiki. Hakuwahi kugusa mashine ya boti, lakini hakusita. Alituambia kabureta ni kabureta. Ndani ya kikombe chake kuna boya, kama lile la tangi la maji. Petroli ikipanda, boya hupanda na kuisukuma sindano izibe tundu la kuingizia mafuta. Sindano isipoziba, petroli hufurika hadi kwenye koo la injini.

Alifuata mambo kwa taratibu. Alilitikisa boya sikioni asikie kama limeingiwa na mafuta; alilizamisha katika maji ya moto aone kama litatoa mapovu. Lilikuwa zima. Alikisafisha kikombe, ambamo petroli ya zamani ilikuwa imeganda kama gundi ya kahawia, na kuvipuliza vitundu vyote kwa upepo wa kompresa. Kisha aliipindua kabureta juu chini ili uzito wa boya uikandamize sindano, akapuliza kwa mdomo katika njia ya mafuta. Pumzi ikapita, ilhali haikupaswa kupita. Akaichomoa sindano na kutuonyesha: kwenye ncha yake ya mpira palikuwa na mchoro wa duara, umechimbika.

Tulipouona mchoro ule tulitazamana. Katika sanduku la vyombo vya baba mlikuwa na kopo dogo lenye vitu vitatu mfano wa misumari, ambavyo tulikaribia kuvitupa. Tuliporudi Nachingwea tulilifungua. Zilikuwa sindano tatu, kila moja ina duara lile lile. Baba alikuwa akiijua aibu ya mashine yake, na kila ilipomrudia aliitibu.

Tulikuwa tumemwomba fundi apunguze sindano ya pikipiki kwa tupa ili itoshe. Alikataa. "Pikipiki ikizima unashuka, unasukuma," alisema. "Mwenye boti atashukia wapi?" Tukaagiza sindano yake halisi na gasketi kutoka Dar es Salaam, zikafika kwa basi siku ya Alhamisi. Jioni ile tulipobonyeza mpira wa mafuta ulikaza na kubaki mgumu, nasi tulikunywa kahawa huku mashine ikinguruma taratibu ndani ya pipa.

Ijumaa mvuvi alikuja. Kabla ya kuvuta kamba tulimweleza kila kitu, tukamwekea sindano zote nne juu ya mkeka, tukamwambia na tusilolijua: mpira wa pampu ya maji utadumu muda gani. Alisikiliza, akaijaribu, kisha akapunguza laki mbili katika bei. Tulikubali. Fungu la kila mmoja lilipungua, na la mama pia. Mama alizihesabu fedha zake, akasema, "Hizi nitalala nazo."

Aliye na pikipiki, jenereta au pampu ya petroli, anapotaka kuiweka muda mrefu afunge bomba la mafuta na kuikausha kabureta. Akisikia harufu ya petroli, asiendelee kuvuta kamba karibu na jiko. Na akitaka kuiuza, aiseme aibu yake kabla hajaulizwa.

Mvuvi aliomba apewe lile kopo. Mama alimpa sindano tatu, moja akaifunga katika pindo la kanga yake.