Hauko kwenye sistemu, ama sistemu haijui kutafuta?

Wasee, kuna sentensi inanikera: "Mama, hauko kwenye sistemu." Mara nyingi mama yuko.

Kuna wakulima hapa Misikhu hulipia mbolea mdogo mdogo kabla ya mvua ya Machi. Duka moja la pembejeo lenye matawi kadhaa liliniita niangalie kompyuta yao. Mama alikuwa amemaliza kulipa, lakini karani akiandika nambari yake ya simu, hapati kitu. Mvua haingoji mtu arudi kesho.

Shida ni hii. Nambari moja ya Kenya huandikwa kwa njia tatu: kuanzia 07, kuanzia 2547, ama kuanzia +2547. Tangu 2019 kuna na za 01 pia. Mtu wetu ni yule yule, lakini kwa databesi hao ni watu watatu.

Dawa ya haraka ni kuambia databesi ikate kila nambari, ibaki na tarakimu tisa za mwisho, halafu ilinganishe. Duka lilikuwa limefanya hivyo na mama akapatikana, ila sasa foleni inafika nje. Rekodi ni laki kadhaa, na databesi inakata zote upya kila karani akiuliza. Indeksi iko, lakini imepangwa kwa nambari kama zilivyoandikwa, kwa hivyo haisaidii. Mwenye duka alikuwa tayari kukopa anunue kompyuta mpya.

Sasa fikiria mama wa nyanya pale sokoni. Akishapanga mafungu ya shilingi 20, hahesabu tena kila mteja akisimama. Kazi ilifanyika asubuhi, mara moja.

Databesi inaweza kufanya vivyo hivyo. Unaongeza kolamu ambayo hakuna mtu anaiandika: inajikokotoa yenyewe kutoka kwa nambari ya simu, tarakimu tisa tu. Halafu unaweka indeksi juu ya hiyo kolamu. MySQL ilileta kolamu kama hizi kwa toleo la 5.7 mwaka wa 2015, PostgreSQL kwa toleo la 12 mwaka wa 2019. Zote unapata bure.

Indeksi ni orodha iliyopangwa. Ukiwa na majina milioni moja yaliyopangwa, ukigawanya nusu kwa nusu unafika kwa unayemtaka kwa hatua 20 hivi. Bila mpango, unaweza kupitia yote milioni.

Si uchawi, lakini. Kila rekodi mpya inachukua muda kidogo zaidi kuhifadhiwa, na nafasi pia inaliwa. Na jibu la hesabu lazima lisibadilike lenyewe. Tarakimu tisa ni sawa. Umri wa mtu hapana, kwa sababu kesho atakuwa mkubwa kuliko leo. Hapo weka tarehe ya kuzaliwa. Pia ukiuliza swali, uliza ile kolamu mpya, sio ile ya zamani.

Mwenye duka hakukopa. Foleni iliisha.

Kwa hivyo wewe unayejifunza koding kwa simu usiku: kabla ulaumu mtandao ama mashine, angalia databesi inarudia kazi gani kila mara. Na wewe uliye kwa kaunta, usimwambie mtu hayuko. Mwambie hujampata bado, halafu jaribu na 254.