Tisa juu ya makumi mbili

Wasomaji wa Sandoa, na ninyi mnaotusoma toka Kolwezi, Kapanga na Dilolo, leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Naleta habari ya nyumbani kwangu, kwa sababu wazazi wengi wanalipia watoto masomo ya juu bila kujua kote zinahesabiwa namna gani. Mimi pia sikujua.

Mdogo wangu anasoma jografia katika chuo kimoja cha ualimu cha jimbo letu. Kati ya masomo yake kuna kosmografia, ndilo somo la jua, mwezi na nyota. Mwisho wa semesta matokeo yalibandikwa kwenye valvu, akanipigia simu, sauti imekauka: « Yaya, nimepata 9 juu ya 20. »

Anayesikia 9/20 anafikiri mtoto hajui kitu. Lakini mwezi wa pili alikuja hapa kwa matanga ya mama mkubwa, akiwa na TP ya kufanya: kusimamisha kijiti wima uwanjani na kupima kivuli chake wakati wa mchana. Tarehe 23 kivuli kikaisha kabisa, jua liko juu ya kichwa sawasawa. Hapa Sandoa jambo hilo linatokea mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na mwezi wa kumi, kwa sababu tuko karibu digrii 10 kusini ya ekweta. Lakini saa yangu ilionyesha saa sita na dakika 42. Nikasema saa imeharibika. Akacheka.

« Hapana, yaya. Saa yetu inafuata mstari wa digrii 30, ule unaopita karibu na Bunia. Sisi tuko karibu digrii 23. Kila digrii ni dakika 4, basi jua linatufikia dakika 28 nyuma. Zile 14 zinazobaki zinatokana na dunia yenyewe: imeinama, na mwendo wake wa kuzunguka jua hauko sawa mwaka mzima. »

Mtu aliyenieleza vile anapataje 9? Nikamwomba anionyeshe hesabu.

Katika somo lile, interogasioni ni juu ya 5, TP juu ya 5, mtihani juu ya 10. Jumla 20, na anayefika 10 amepita. Tena, tangu vyuo vyetu viingie katika mfumo wa LMD mwaka wa masomo 2021-2022, kila somo lina kredi zake, na mwaka mzima una kredi 60. Kote inazidishwa kwa kredi, ndipo moyenne inatafutwa. Somo la kredi 4 linavuta moyenne mara mbili kuliko somo la kredi 2. Kwa hiyo kosa moja dogo haliishii katika somo moja.

Lakini kwenye valvu kulikuwa na namba moja tu: 9. Yeye alikumbuka interogasioni 3, kwani karatasi alirudishiwa. Basi zilibaki 6 za kugawa kati ya TP na mtihani. Akaandika rekuru kabla siku hazijapita, akabeba kopi ya TP yake yenye sahihi ya asistanti. Walipofungua daftari waliona mtihani 6, TP 0. TP ilikuwa imepokelewa na kusahihishwa, 4 juu ya 5, lakini iliandikwa kwa prenom na post-nom, wakati lista ya mtihani inaanza na nom. Aliyejumlisha alifikiri ni watu wawili. Kote ikawa 13.

Sisemi kuna mtu aliyetaka kumwonea. Hesabu yenyewe ni nzuri, hata mtoto wa primere anaweza kuifanya. Kibaya ni kwamba mwanafunzi anaonyeshwa jumla bila vipande vyake, basi hana namna ya kuihakikisha. Kubandika kolone tatu badala ya moja hakuongezi gharama kubwa: ni karatasi ileile.

Wazazi, mkisikia kote mbaya, msianze na matusi. Ulizeni kwanza: interogasioni ngapi, TP ngapi, mtihani ngapi? Na wanafunzi, wekeni kopi ya kila kazi, andikeni majina yenu namna moja kila mahali.

Mwenzake mmoja alikuwa na 8, na anaapa kwamba TP aliitoa siku ileile. Hakuweka kopi. Yeye amekwenda sesioni ya pili.