Njia ya Ziwa kwa Motokaa Isiyo na Paa

Motokaa yetu ni kuukuu: imekwisha kwenda kilometa 400,000, na paa lake lilikatwa zamani. Tuliinunua kwa bei ya chini tumrudishe Mama kwetu Misisi. Tangu tulipokimbia vita mwaka 1996 mpaka Nyarugusu, hakuiona tena nchi yake.

Kutoka Uvira njia hufuata Ziwa Tanganyika, maji kushoto, milima kuume, wala hakuna bati la kukuzuia usione. Kina chake ni meta 1,470. Duniani linapitwa na Baikal tu. Karibu na Baraka tukaiona rasi ya Ubwari, ambayo Waingereza Burton na Speke waliipita kwa mitumbwi mwaka 1858. Mama hakujali habari zao. Alitaja vijiji kimoja kimoja, akinyamaza penye marehemu wake. “Polepole, wanangu,” akasema, kana kwamba gari lile lingeweza kwenda mbio!

Kilima cha Fizi ndicho tulichokiogopa. Mota ikachemka, tukashuka tukasukuma. Mama akabaki juu kama bibi arusi, vumbi kichwani. Siku ya pili jioni tukafika Misisi, mji wa wachimba dhahabu. Shamba la babu lilikuwa mashimo matupu. Mama akalizunguka, akauliza mwembe uko wapi.