Kapo ya Handeni na Korogwe ilivyoumbuliwa na irabu

Kuna kapo moja hiyo, binti yuko Handeni, jamaa yuko Korogwe. Katikati kuna kilomita 65 za lami, na simu moja ya tachi ambayo binti anachangia na mdogo wake wa kidato cha pili. Shida ndiyo hiyo. WhatsApp inaficha meseji njiani, ila haimfichi aliyeshika simu mkononi.

Wakaanza na kinyume. Kazi inakuwa zika. Dogo akacheka tu, kinyume nani hajui?

Jamaa ndo kwanza alikuwa anajifunza Java kwenye kompyuta ya rafiki yake. Akajaribu kugeuza kazi kwa reverse, ikatoka izak. Java inageuza herufi mojamoja, silabi haizijui kabisa. Akahamia kwenye mbinu ya Julius Caesar, yule wa Roma zaidi ya miaka 2000 iliyopita: kila herufi inasogea hatua 3, a inakuwa d, b inakuwa e. Kwenye Java mteremko, maana herufi ni namba. a ni 97, jumlisha 3 unapata 100, hiyo ni d. Unachukua herufi moja moja kwa charAt, ukianzia 0 siyo 1, unaibadilisha na kuibandika kwenye neno jipya.

Ila z ni 122. Ukijumlisha 3 unapata 125, na 125 siyo herufi, ni alama ya }. Kazi ikatoka nd}l! Siku mbili anakuna kichwa. Dawa yake: toa 97, jumlisha 3, gawa kwa 26 uchukue baki, kisha rudisha 97. Ikatoka ndcl. Binti akaandikiwa jedwali lake kwenye karatasi, mambo yakawa moto.

Sasa sikia. Kwao Handeni watu wanasubiri barua ya posa, na jamaa huko dukani mambo yakamshinda. Akaandika: qlphdfkd ndcl. Nimeacha kazi. Binti alilia kimyakimya, nyumbani hakusema neno.

Dogo Java hajui hata chembe. Alichoona ni kwamba nafasi kati ya maneno zimeachwa kama zilivyo, na kila neno linaishia na d, h, l, r au x. Herufi tano tu. Na maneno ya Kiswahili, ukiacha machache ya kuazima, yanaishia na nini? Irabu, nazo ni tano! d ndiyo imejaa kuliko zote, basi hiyo ni a. Yaani Kiswahili chetu kinajianika chenyewe. Na hata asingeona hilo, hatua za kujaribu ni 25 tu, kalamu na daftari, usiku mmoja kazi imeisha.

Mama hakuambiwa. Kesho yake jioni jamaa akapata meseji kutoka kwenye simu ileile, akaifungua huku anatabasamu, akijua ni mpenzi wake:

qd pdkdul?