Mabishano juu ya atalaku wa Zaïko

Katika komini ya Kampemba, wimbo wa Zaïko Langa Langa ukipita redioni, wenyeji na jamaa zilizokimbia vita wanabishana. Kundi hilo lilizaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 liliingiza atalaku: mtu wa kupaza sauti ili watu wacheze, akitikisa kopo tupu la dawa ya wadudu. Wazee walisema anaharibu sauti za waimbaji, vijana wakacheza. Leo vijana wale wamezeeka, nao wanalalamikia atalaku wa watoto wao. Kwa aliyekimbia mikono mitupu, wimbo wa zamani ni kipande cha nyumba. Mbele ya kuuita makelele, heri kumuuliza kwanza aliusikia wapi.