Gitaa la Kwaya Lisiuzwe Haraka

Wanakwaya wetu wanataka kuliuza gitaa la zamani, wanunue jipya. Nawasihi wasubiri. Ubao wa uso wa gitaa, ambao aghalabu ni wa mti wa sprusi, hubadilika kadiri miaka ipitavyo: hemiselulosi iliyo ndani yake huvunjika polepole, ubao ukawa mwepesi na kunyonya unyevu kidogo, ilhali ugumu wake hubaki. Kwa hiyo hutetema kwa urahisi zaidi. Kampuni ya Martin ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1833, huoka baadhi ya mbao mpya penye oksijeni haba ili kuuiga uzee huo; tena bei yake si ya parokia! Lakini uzee hauponyi ubao uliopasuka wala daraja lililobanduka. Jumamosi fundi atalikagua gitaa, ndipo tuamue.