Kwenda Stockport Kupigwa Picha ya Mafuta

Treni ya Leeds ilipenya milima ya Pennine ikanifikisha Manchester. Hapo nikabadilisha, na muda si mrefu nikawa juu ya daraja la Stockport, lililojengwa kwa matofali yapatayo milioni 11 na kukamilika mwaka 1840. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika mji huu, na mara ya kwanza kulazwa ndani ya sumaku.

Wenyeji wangu walikuwa UK Biobank, mradi wa utafiti wa afya. Kati ya 2006 na 2010 waliandikisha watu nusu milioni wenye umri wa miaka 40 hadi 69, nami nikiwa mmoja wao. Mwaka 2014 wakaanza kuwaita baadhi yetu kupigwa picha za MRI, yaani picha za sumaku, lengo likiwa watu 100,000. Barua yangu ilipofika sikusita, kwa sababu ya baba.

Marehemu baba alikuwa mwembamba maisha yake yote. Mkanda wake haukuhama tundu. Kisukari kilipomshika, majirani zetu wa Tanga walibisha: maradhi ya wanene yamtafute nini mzee yule? Swali hilo sijaachana nalo tangu tulipomzika.

Kituoni walinihoji kuhusu chuma mwilini: kifaa cha moyo, skrubu za mifupa, hata hereni. Sumaku yao ni ya tesla 1.5, takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Nikavaa vazi lao, nikafunikwa masikio, kitanda kikaingia. Moyo ulichukua muda mrefu. Lakini picha za mafuta, kutoka shingoni hadi magotini, zilikwisha kwa dakika chache. Sauti ikaniambia, "Shika pumzi," mashine ikanguruma, kitanda kikasogea, tukarudia.

Mbinu yenyewe ilielezwa na Thomas Dixon mwaka 1984, nami naipenda mno. Hidrojeni imejaa mwilini, katika maji na katika mafuta. Ikishapangwa na sumaku na kutikiswa kwa mawimbi ya redio, hujibu kwa mawimbi yake yenyewe, na ya mafuta hutetemeka polepole kidogo kuliko ya maji. Ni kama wapiga ngoma wawili wenye mwendo unaokaribiana: mara wanapiga pamoja, mara mmoja anashusha mkono mwenzake akiinua. Kwa sumaku ya tesla 1.5, mawimbi hayo hupingana kwenye milisekunde 2.3 hivi na kukubaliana kwenye 4.6. Mashine hupiga picha nyakati zote mbili. Moja ni maji kutoa mafuta, nyingine ni maji kujumlisha mafuta. Ukizijumlisha, mafuta yanajifuta, yanabaki maji. Ukitoa moja kwa nyingine, yanabaki mafuta peke yake.

Hapo ndipo jibu la majirani lilipo. Mizani hupima mifupa, misuli na maji kwa pamoja. Futi ya fundi cherehani huzunguka kiuno bila kujua mafuta yako chini ya ngozi au yamezingira utumbo. Watu wawili wa uzito na urefu ule ule wanaweza kutofautiana kwa lita kadhaa za mafuta ya ndani, na hayo ya ndani, pamoja na yale yanayojaa kwenye ini, ndiyo yanayoandamana zaidi na kisukari.

Picha zangu sikupewa. Huo ndio utaratibu tuliokubali: zinakwenda kwa watafiti, na mshiriki hujulishwa tu likionekana jambo zito. Nimeridhika nao.

Nilipotoka nilimpigia mdogo wangu, aliyebaki Tanga na kurithi umbo la baba. Hakuna atakayempiga picha ya mafuta. MRI kwetu ni chache na ghali, zina wagonjwa wanaozingoja. Lakini sukari hupimwa kwa tone la damu ya kidole.

"Dada, mimi nina kilo 58 tu," akasema.

Nikamwambia kwamba baba naye alikuwa na kilo hizo hizo, na kwamba aende zahanati kesho asubuhi, kabla ya kunywa chai.